Waya wa Spika: Unene, Urefu na Shaba ya Kweli

Barua za safari hii zimejaa nyaya za spika. Dukani, amplifaya huuzwa na kijitabu chake na spika na kibandiko chake, lakini waya hukatwa tu kutoka kwenye rola na mnunuzi akaachwa akisie. Tumechagua barua ambazo majibu yake yatamfaa hata asiyeuliza.

Mita 3 huku, mita 7 kule

*Ndugu mhariri, nina amplifaya ya wati 60 kila upande na spika mbili za omu 8. Muuzaji anasema waya mwembamba uliokuja kwenye boksi unatosha. Jirani yangu anashikilia kwamba chini ya milimita 4 ni kupoteza muda. Spika moja itakaa mita 3 kutoka kwenye amplifaya, ya pili mita 7. Ninunue upi, na je, ni lazima nyaya zote mbili zilingane urefu? — Msomaji, Tanga*

Nunua waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba (hicho ndicho kipimo cha unene tunachokitumia humu), mita 11 hivi, ili ubaki na ziada kidogo kila upande. Jirani yako hajakosea, ila anakutuma ulipie shaba ambayo kwa umbali huo hutaisikia. Muuzaji ndiye aliyekosea.

Hesabu yenyewe ni fupi na inafaa kuikariri. Waya wa shaba wa milimita 1 ya mraba una ukinzani, yaani kiasi cha kuzuia umeme kinachopimwa kwa omu, wa takriban omu 0.02 kwa kila mita. Umeme huenda kwa uzi mmoja na kurudi kwa mwingine, kwa hiyo mita 7 zako ni mita 14. Zidisha 14 kwa 0.02 upate 0.28, kisha gawanya kwa unene, 1.5, upate omu 0.19. Ukinzani wa waya usizidi asilimia 5 ya omu za spika. Kwa spika ya omu 8 kikomo ni omu 0.4. Hujafika hata nusu yake. Ule waya wa boksi, kama ni wa milimita 0.5, utakupa omu 0.56 kwa umbali huohuo, na hapo umeshavuka.

Asiyependa kugawanya atumie mkato huu: kwa spika za omu 8, unene wa waya zidisha mara 10, jibu ndilo umbali wa mwisho kwa mita. Milimita 0.75 hufika mita 7.5, milimita 1.5 hufika 15, milimita 2.5 hufika 25. Kwa spika za omu 6 zidisha mara 7.5, na kwa za omu 4 mara 5.

Wengi hudhani ubaya wa waya mwembamba ni kupunguza sauti. Sauti inayopotea ukiwa kwenye kikomo cha asilimia 5 ni chini ya nusu desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, na hakuna atakayeitambua. Tatizo liko kwingine. Spika iliyoandikwa omu 8 haikai kwenye omu 8: ukinzani wake hupanda na kushuka kwa kila noti, pengine omu 6 mahali pamoja na omu 30 mahali pengine kwenye besi. Waya wenye omu 1 nzima hunyang'anya noti za omu 6 zaidi ya desibeli 1, na zile za omu 30 huziacha karibu zilivyo. Matokeo yake spika inabadilika tabia, besi inavimba sehemu moja na kupwaya nyingine, na mwenye nyumba anailaumu spika.

Wati hazimo katika hesabu hii, kama ulivyoona. Wati 60 kwenye omu 8 ni ampea 2.7 tu, na hata waya wa milimita 0.75 huzibeba bila kupata joto.

Kuhusu urefu: si lazima zilingane. Tofauti ya mita 4 huchelewesha umeme kwa muda mdogo kuliko ule ambao sauti inautumia kusafiri unene wa unywele hewani. Kata kila upande kwa urefu wake. Kama ziada imebaki, ikunje nyuma ya kabati. Nyuzi mbili za kwenda na kurudi zikikaa pamoja hufutana nguvu za sumaku, kwa hiyo mkunjo hauna madhara.

Namba za dukani

*Mhariri, hujambo. Dukani nimeonyeshwa rola zilizoandikwa 12, 14, 16 na 18, na nyingine zimeandikwa "mm 2". Zinalinganaje? — Msomaji, Nakuru*

Namba hizo ni za kipimo cha Kimarekani, AWG, na zinaenda kinyume: namba ikiwa kubwa waya ni mwembamba. 18 ni milimita 0.82 za mraba, 16 ni 1.3, 14 ni 2.1, na 12 ni 3.3.

"mm 2" ndiyo ya kuogopa, maana huenda ni milimita za mraba, au ni kipenyo cha waya pamoja na ganda lake la plastiki. Njia ya kujua ni kuhesabu nyuzi ndani. Waya halisi wa milimita 1.5 aghalabu una nyuzi 30 za kipenyo cha milimita 0.25, wa 2.5 una nyuzi 50 za kipenyo hicho, wa 0.75 una nyuzi 24 za milimita 0.2. Zikiwa za saizi nyingine, kipenyo cha uzi mmoja kizidishe kwa chenyewe, kisha mara 0.785, kisha mara idadi ya nyuzi. Ukikuta ganda nene limefunika nyuzi kumi na tano, unauziwa plastiki.

Waya mwepesi, bei nyepesi

*Salaam aleikum. Nimeweka waya mnene wa milimita 2.5 sebuleni, nyumba yetu iko karibu na bahari. Miezi michache tu ncha zimekuwa nyeusi na nyingine zinakatika nikizigusa, spika ya kushoto inakwaruza. Muuzaji aliniapia kwamba ni shaba. — Msomaji, Mombasa*

Waleikum salaam. Kwa maelezo yako, huo karibu hakika ni waya wa alumini uliopakwa shaba. Umejaa madukani kote, Kariakoo hadi Luthuli Avenue, na kwa macho hautofautiani na shaba mpaka uukate. Wakati mwingine kwenye ganda au lebo huandikwa herufi CCA. Mara nyingi haziandikwi.

Kwanza upime mkononi. Alumini ni nyepesi mara tatu na zaidi kuliko shaba, kwa hiyo rola inayoonekana nene lakini inanyanyuka kama ya uzi wa kushonea ikutie shaka. Pili, chukua uzi mmoja na ukwangue kwa wembe: shaba ni nyekundu mpaka ndani, alumini hutoa weupe. Usichanganye na shaba iliyopakwa bati, ambayo ni nyeupe nje na nyekundu ndani. Hiyo ni nzuri, na pwani ni nzuri kuliko zote. Tatu, uzi mmoja uweke kwenye moto wa kiberiti cha gesi. Alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660, hivyo uzi mwembamba hulegea na kujikunja mara moja. Shaba huhitaji 1,085, na hapo itageuka rangi tu.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni maltimita, kifaa cha kupimia umeme, kabla waya haujakatwa. Katika rola ya mita 100 ya milimita 1.5, unganisha waya wa kwenda na wa kurudi kwenye ncha moja, kisha pima kwenye ncha nyingine. Kwanza gusanisha fito za maltimita zenyewe na utoe namba unayoiona, kwa sababu fito nazo zina ukinzani wake. Shaba itasoma karibu omu 2.7. Ikifika 3.5 au zaidi, rudisha. Usijaribu kupima kipande cha mita 5 kwa maltimita ya bei ndogo: namba ni ndogo mno na kifaa hakiaminiki huko chini.

Je, waya wa alumini hautumiki kabisa? Unatumika, mradi uhesabu kwamba ukinzani wake ni takriban mara 1.6 ya shaba. Pale ungeweka 1.5 ya shaba, weka 2.5. Bara, pakavu, mahali ambapo hapaguswi, utakaa. Kwako wewe hapana. Alumini ikikutana na shaba na shaba nyeupe (brasi) ya terminali, pale waya unapofungwa, penye hewa ya chumvi, huliwa haraka, na ukoko wake haupitishi umeme. Tena alumini hubonyea chini ya skrubu na kulegea yenyewe, ndiyo maana unasikia mkwaruzo.

Ng'oa huo, weka shaba, ikiwezekana iliyopakwa bati. Ncha zibanie vijimirija vya bati kwa koleo lake, kaza terminali vizuri, kisha pakaa mafuta mazito ya kupaka, kiasi cha kufunika tu, yazuie hewa. Mafuta hupakwa baada ya kukaza. Mara moja kwa mwaka fungua, kagua, na ukiona weusi kata sentimita 5 mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa. Kama weusi umeingia ndani zaidi ya hapo, badilisha waya.

Waya uliobaki baada ya kufunga umeme

*Kaka mhariri, fundi alipomaliza kufunga umeme alituachia mita 12 za waya mgumu wa 2.5 na mita 8 za waya laini wa pasi. Vinafaa kwa spika? — Msomaji, Dodoma*

Waya laini unafaa sana. Fleksi ya nyuzi mbili ya milimita 1.5 ni shaba ileile, na kwa spika haina upungufu wowote. Ile ya nyuzi tatu, uache wa kijani na manjano bila kuunganishwa, na ncha zake uzikate fupi. Fanya kahawia kuwa chanya na buluu kuwa hasi pande zote mbili.

Waya mgumu wa uzi mmoja hupitisha umeme vizuri pia, lakini hauingii vyema kwenye terminali za springi, na ukikunjwa mara kadhaa pale pale hukatika ndani bila kuonekana. Uweke ndani ya ukuta tu.

Onyo moja tunalisema kwa mkazo. Waya uliogeuzwa kuwa wa spika usiachwe na plagi ya ukutani hata kwa dakika moja. Mtoto akiichomeka, volti 230 zitaingia kwenye amplifaya na pengine kwenye mkono wa mtu. Kata plagi kwanza, bandika kibandiko cha "SPIKA" kwenye ncha zote mbili, ndipo uanze kazi.

Homu thieta yenye nyaya fupi

*Nimenunua homu thieta ya spika tano na sabufa. Spika za nyuma zinatakiwa ziwe mita 9 lakini nyaya zake ni za mita 4, nyembamba kama za chaja, na plagi zake ni za umbo la pekee. Nyuma zimeandikwa omu 3. — Msomaji, Mwanza*

Hapo ndipo wengi hujikwaa, kwa kuwa seti hizi zina omu chache, na omu chache hudai waya mnene. Kwa omu 3 unene huzidishwa mara 3.75. Mita 9 gawanya kwa 3.75 upate 2.4, kwa hiyo ni waya wa milimita 2.5. Najua unaonekana mkubwa mno kwa spika ndogo vile, lakini hesabu haijali ukubwa wa boksi.

Plagi usiitupe. Kata waya wa kiwandani sentimita 15 kutoka kwenye plagi. Kipande hicho kifupi kinaongeza omu 0.02 hivi na hakiharibu kitu. Chuna sentimita 2 kila upande, sokota shaba kwa shaba, lehemu kwa risasi, kisha funika kila uzi na mrija wake wa plastiki unaosinyaa kwa joto. Viungo viwili visikae sambamba: kimoja kiwe mbele, kingine nyuma kwa sentimita 3, ili hata mrija ukichanika visigusane. Kabla ya kukata, angalia uzi upi una mstari au rangi. Huo ni wa upande mmoja mpaka mwisho.

Waya wa 2.5 ukikataa kuingia kwenye tundu la springi nyuma ya spika, tumia pini za shaba zinazobanwa kwenye ncha. Usipunguze nyuzi kwa kisu, maana zile zilizokatwa ndizo huchomoza pembeni na kugusa terminali ya jirani.

Besi imetoweka tulipohama

*Shikamoo mhariri. Tumehama nyumba, mwanangu akaunganisha redio upya. Spika zote zinalia ila besi imekufa, na sauti ya mwimbaji haikai katikati. — Msomaji, Arusha*

Marahaba. Spika moja imegeuzwa chanya na hasi. Moja inasukuma hewa wakati nyingine inaivuta, na kwenye besi hufutana. Hakuna kilichoungua. Geuza nyuzi mbili kwenye spika moja tu, si zote mbili.

Kama waya hauna alama, zima amplifaya, chomoa ncha zote za waya upande wa amplifaya, na uziguse kwa sekunde moja na betri moja ya volti 1.5. Koni ya wufa (ile spika kubwa ya besi) ikiruka kuelekea nje, ncha iliyogusa chanya ya betri ndiyo chanya. Ikirudi ndani, ni kinyume. Betri ya volti 1.5 tu, na mguso mfupi.

Inazima nikiongeza sauti

*Amplifaya yangu inazima nikifika nusu ya sauti. Nina spika nne, mbili kwenye terminali za A na mbili kwenye za B. — Msomaji, Kampala*

Anza na nyuzi zilizochomoza. Nyuma ya amplifaya terminali zimekaribiana, na uzi mmoja mwembamba kama unywele ukivuka kutoka nyekundu hadi nyeusi unatosha kuiangusha. Amplifaya isiyo na ulinzi huungua. Chuna milimita 10 tu, sokota mpaka usione uzi uliosimama peke yake, ingiza mpaka ganda liguse terminali. Ncha inayokaa chini ya skrubu usiilehemu: risasi hubonyea taratibu, skrubu inalegea, na baada ya muda unapata joto pale pale. Plagi za banana, zile pini nene za kuchomeka kwenye terminali, ndizo salama kuliko zote.

Kama nyaya ni safi, tatizo ni omu. A na B zikiwashwa pamoja, katika amplifaya nyingi, spika mbili za omu 8 huwa omu 4, na mbili za omu 4 huwa omu 2. Soma nyuma ya amplifaya kiwango cha chini inachoruhusu. Kama ni omu 4 na spika zako ni za omu 4, washa A au B, usiwashe zote. Waya mnene hautakuokoa hapa.

Spika za barazani

*Nataka spika mbili za omu 8 barazani, waya upite ukutani, mita 28 hadi kila spika. Ukuta bado haujapigwa plasta. — Msomaji, Zanzibar*

Umeuliza wakati mzuri. Milimita 2.5 inaishia mita 25, kwa hiyo weka milimita 4, ambayo itakupa omu 0.28 na nafasi ya kupumua. Upitishe ndani ya bomba la plastiki la milimita 25. Usizike waya usio na bomba kwenye plasta: ukiharibika utavunja ukuta, na panya hupenda ganda laini. Acha kamba ya nailoni ndani ya bomba kwa ajili ya waya wa kesho. Kona ziwe za mduara, na zisizidi mbili bila kisanduku cha kufungulia.

Bomba la spika lisibebe waya wa umeme wa nyumba hata mmoja. Si kwa sababu ya mvumo, maana waya wa spika hauupokei kirahisi, bali kwa usalama: ganda likichubuka, umeme wa nyumba utapata njia ya kuingia kwenye amplifaya. Kila ncha iache sentimita 50 nje ya ukuta. Kabla fundi hajapiga plasta, pima kwa maltimita kwamba nyuzi hazigusani na kwamba kila moja imefika. Baada ya hapo kosa litadai patasi.

Waya wa bei ya spika

*Hapa Muskati duka moja linauza waya wa spika kwa bei inayolingana na spika zenyewe. Wanasema ni shaba isiyo na oksijeni. Kuna tofauti ya kusikika? — Msomaji, Muskati*

Hakuna. Shaba isiyo na oksijeni na shaba ya kawaida ya nyaya za umeme zinatofautiana katika kupitisha umeme kwa takriban asilimia 1, na tofauti hiyo unaipata kwa kuongeza sentimita chache tu za waya. Kwa mita 5 au 6 za nyumbani, waya wa shaba wa milimita 2.5 wa duka la vifaa vya umeme utatoa sauti ileile. Dhahabu kwenye plagi ina kazi moja ya kweli, kuzuia kutu, na kwa mji wa pwani kama wenu inastahili kulipiwa kidogo. Fedha iliyobaki ipeleke kwenye spika, au kwenye zulia zito na mapazia ya chumba chenye vigae na kuta tupu. Hizo utazisikia siku hiyohiyo.

Kama spika zako zina terminali nne kila moja, hakikisha vile vibati viwili vinavyoziunganisha juu na chini havijatolewa. Vikipotea, sehemu moja ya spika hunyamaza kabisa. Kata vipande viwili vya sentimita 10 vya waya huohuo wa 2.5, uviweke mahali pake, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi.